Nyumba Ambamo Mama Angekubali Kulala

Mlango wa chumba cha mgonjwa wa akili hufunguka kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, mtu aliyezidiwa anaweza kusukuma kitanda akauzuia, wauguzi wakabaki upande wa pili wakibisha huku dakika zikikimbia. Hilo nililijua nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuchora milango ya maduka, ya vyoo vya baa na ya nyumba za kupangisha, bila kujiuliza hata siku moja kile ambacho mlango unamfanyia anayeupita.

Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Si msanifu. Msanifu ni bosi wangu, yeye ndiye mwenye muhuri na tai. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu katikati ya jiji la Nairobi, na madirisha yake yanatazama ukuta wa jirani, jambo ambalo wateja hututania kila wakija. Ramani zikikamilika nashuka nazo River Road kuzichapisha kwenye karatasi kubwa, napenya katikati ya mikokoteni na wauza mabomba, kisha narudi nimezikunja kwapani. Naipenda kazi hii kwa sababu hainidai maneno mengi. Mimi nikianza kuongea huwa nagombana.

Nataka kusimulia habari za nyumba moja ndogo iliyo Kitisuru, nyuma ya hospitali, ambayo niliipigania isibomolewe. Waliokuwa kwenye vikao wanadhani niliipigania kwa sababu ya utaalamu wangu, na mpaka leo sijawasahihisha. Niliipigania kwa sababu ya mama yangu.

Kwetu Bungoma, mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Hali naye meza moja, hampi mkono, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hupisha mapema, kila mtu akijifanya ameona kitu cha maana upande wa pili wa barabara. Si chuki. Ni heshima, na wenyewe huiona ni njia ya kupendana. Halafu binti aliyeolewa, naye, akirudi nyumbani kusalimia hulazwa kwa wifi yake, mke wa kaka, kwa kuwa sasa ni mgeni mwenye kwake. Huenda koo nyingine zina njia zao za kulegeza mambo. Ukoo wetu haulegezi.

Nilipokuwa msichana niliuona huo kuwa mchezo wa wakubwa nikaucheka. Sikupiga hesabu kwamba siku nitakayoolewa ndiyo siku nitakayoacha kulala nyumba moja na mama yangu. Kwangu hawezi, na kwake siwezi. Harusini watu waliimba, wakala, wakanishauri habari za upishi na uvumilivu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba jana yake ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia Mama akikohoa ng'ambo ya pazia. Ningeambiwa, ningekaa macho nimsikilize. Mpaka leo jambo hilo likinijia nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Mama huniita Mayi. Katika lugha yetu mayi ni mama, na mimi nilipewa jina la mama yake. Kwa hiyo tangu nikiwa mchanga sisi wawili tumekuwa tukiitana mama, na mtu asiyetujua akitusikia kwenye simu hucheka.

Baba alipofariki, Mama aliacha kulala. Mwanzoni tulidhani ni majonzi, tukamwachia muda. Kisha akaacha kula chochote kilichopikwa na mkono wa mtu mwingine, halafu akaanza kusikia watu wakimwita barabarani, akawa anatoka bila viatu kuwaitikia. Kaka yangu alimleta Nairobi kwa basi, na njia nzima alikuwa amemshika kiganja cha mkono kana kwamba Mama ndiye mtoto.

Sisi tunakaa Kabiria, vyumba viwili na jiko. Mume wangu ni karani, mtu mpole, naye ni wa huko kwetu, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Aliposikia Mama yuko njiani alikunja nguo zake, akasema yeye atahama akalale kwa rafiki Kawangware. Mama aliposikia hivyo alisimama mlangoni na kukataa kuingia. Alikuwa amekonda, macho yanarukaruka, anajibu watu tusiowaona, lakini hilo alilijua sawasawa: nyumba ni ya mkwe hata mkwe asipokuwemo.

Jirani yetu, mama wa Kikamba kutoka Machakos, alikuwa anaanika nguo na aliona yote.

"Lakini nyinyi watu wa western mko na mambo," aliniambia. "Mgonjwa ni mgonjwa. Si angelala tu hapo kwa kochi, mzee akienda?"

"Yeye hawezi."

"Sasa hata akili ikienda, hiyo heshima haiendi?"

"Umeona mwenyewe."

Alitikisa kichwa, akacheka, kisha akaenda kuwaondoa wanawe chumbani ili Mama apate pa kulala. Ndivyo alivyo, anakuchoma kwa maneno huku mikono yake ikikusaidia. Mama alilala kwake siku nne, na nilikuwa nikienda asubuhi kabla ya kazi kumpelekea chai. Siku ya tano alizidiwa, tukampeleka hospitali akalazwa.

Wodi ile ilikuwa ya zamani na sitalitaja jina lake. Wauguzi wake walikuwa wachache na walijitahidi. Ilikuwa korido moja ndefu, vyumba huku na huku, mlango mmoja wa chuma. Bafu lilikuwa mwisho huu, mlango wa wageni mwisho ule. Aliyetoka kuoga alilazimika kupita mbele ya macho ya kila aliyekuja kuona mgonjwa. Mimi, mchoraji wa ramani, niliipita korido hiyo kila siku kwa majuma mawili na sikuona kasoro yoyote ila rangi ya ukuta.

Jumapili ya pili tulikuwa na kazi ya kumalizwa ofisini kabla ya Jumatatu. Nikapika uji wa wimbi, nikaujaza kwenye chupa, nikampa mume wangu apeleke.

"Mimi nipeleke?" aliuliza.

"Wewe. Kaka amerudi nyumbani, mimi niko ofisini."

"Na nikikutana naye?"

"Mwachie muuguzi mlangoni. Na hata ukikutana naye ni mgonjwa. Hatakujua."

Alisita. Alikuwa ameshika chupa kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Mimi ndiye niliyemsukuma, na nilimwambia maneno ambayo bado nayasikia: kwamba hatuwezi kuendesha maisha ya Nairobi kwa sheria za kijijini, kwamba ugonjwa umefuta hayo yote. Nilisema hivyo nikiwa na haraka, nikitafuta viatu.

Mlangoni hakukuwa na muuguzi. Alikuwa ameitwa kwa mgonjwa mwingine, na mlinzi akamwambia mume wangu apite tu. Akapita. Hatua ya tatu au ya nne Mama akatokea bafuni, leso moja kifuani, mabega wazi, kichwa wazi, maji yanamtiririka. Korido haikuwa na pa kukatia kona wala pa kurudi. Mama alimtazama, akamjua. Akaketi pale pale kwenye saruji, akampa mgongo, akauficha uso kati ya magoti.

Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta mume wangu amesimama karibu na meza. Hakuwa ameketi tangu arudi.

"Alinijua," alisema.

Tangu siku hiyo Mama aligeukia ukuta. Saa za wageni alijifunika gubigubi, kisha akawa anajifunika saa zote. Hakutoka kuota jua, hakwenda kula na wenzake, na hata mimi nilipokuja alinyoosha mkono tu kutoka chini ya blanketi nikaushika. Daktari aliniita kwa upole akaniambia kwamba mgonjwa amerudi nyuma, anajitenga, hataki kuonana na watu. Nikamweleza kilichotokea. Nilieleza vibaya, nikilia, nikichanganya mambo. Alinisikiliza, akaandika, na kwa kuwa nimezoea kusoma karatasi za wengine nikiwa upande wa pili wa meza, nikaona ameandika tena neno lile lile, anajitenga. Ile ilikuwa adabu yake, kitu pekee kilichobaki kizima ndani yake, na sasa iliandikwa kama dalili.

Alikaa humo majuma mengi kuliko yaliyohitajika, na kosa lilikuwa langu. Mume wangu alipeleka kondoo wa kuomba radhi nyumbani kwetu, wazee wakakubali kwamba hakukusudia, lakini hilo liliwatuliza wao. Mama alirudi Bungoma akiwa anatulia kwa dawa, mkimya, na akasema Nairobi hatakanyaga tena. Mimi nikawa na mama wa kwenye simu.

Miaka kadhaa baadaye bosi wangu alipata kazi ya kugeuza nyumba kubwa ya zamani huko Kitisuru iwe hospitali ndogo ya magonjwa ya akili. Ilikuwa na bustani pana, miti mikubwa, na majirani waliotuma barua ya kulalamika kabla hata hatujapima kiwanja. Mwenye mradi alimleta muuguzi mstaafu awe mshauri wetu, mama wa Kitui, mfupi, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Aliiweka ramani yangu ya kwanza mezani, akachukua kalamu nyekundu, na nusu saa baadaye sikuitambua.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari za milango. Alinifundisha kwamba kila kitu ukutani kiwe laini na kisichoweza kubeba uzito, kwamba kulabu ya nguo ni lazima iachie ikivutwa, kwamba kioo kisivunjike vipande, kwamba viti viwe vizito lakini visiwe vibaya, kwa sababu mtu akikalishwa kwenye kitu kibaya anajua anaonwa vipi. Alitaka mwanga mwingi. Alitaka mgonjwa aweze kuona mti akiwa kitandani.

"Na mimi," alisema akigonga mahali pa kituo cha wauguzi, "nikisimama hapa nataka kuona kila mtu. Saa yoyote. Hiyo ndiyo kazi."

Nyuma ya ile nyumba kubwa kulikuwa na kijumba cha wafanyakazi, vile ambavyo Nairobi nzima huviita esikyu. Vyumba viwili, jiko, baraza, na mlango wake wenyewe. Ramani ya bosi ilikuwa imekifuta na kuchora mahali pa kuegesha magari. Mimi nilikirudisha. Nilikichora kama nyumba ya wale wanaokaribia kwenda kwao, wakae humo siku chache na ndugu mmoja, wapike, wafue, wajaribu siku ya kawaida kabla hawajaachiwa siku zote. Ndani niliweka vitanda viwili. Barazani niliweka ukuta wa kufika kiunoni, unaotazama njia itokayo langoni, ili aliyeketi amwone mgeni akiwa bado mbali, na aamue mwenyewe kama atabaki, atajifunika au ataingia ndani.

Muuguzi alikitazama. "Kona ngapi hapa nisizoziona?"

"Tatu."

"Mimi kona moja ilinitosha kumpoteza mgonjwa," alisema. "Moja tu. Nilikuwa nimeketi hatua kumi kutoka kwake."

Hapo nilikuwa nimejiandaa kugombana. Badala yake nilikunja karatasi nikaondoka. Juma zima nilichora na kufuta. Nilisogeza bafu, nikakata pembe ya ukuta wa jikoni, nikapanua dirisha la kituo cha wauguzi mpaka likaiona baraza yote na mlango wote. Kona zikabaki sifuri. Nilipompelekea tena aliifuata kwa kidole, chumba kwa chumba, kisha akaniuliza swali ambalo bosi hakuwahi kuniuliza.

"Hii nyumba umeichorea nani?"

Nikamweleza. Safari hii nilieleza vizuri, pole pole, korido, bafu, leso. Alivua miwani.

"Huyo mama hakuwa anajitenga," alisema. "Alikuwa na haya. Kwetu pia mama mkwe ana mipaka yake. Mbona hukusema tangu siku ya kwanza, unaniletea tu kona?"

Kikao kilichofuata mwenye mradi aliulizia magari yake. Bosi wangu akaanza kukohoa na kupangusa tai. Muuguzi akasema, "Gari ikikosa nafasi itangoja hapo nje ya geti, hakuna siku itaona aibu," na mjadala ukaishia hapo. Kijumba kikabaki.

Hospitali ilipokuwa imefunguliwa karibu mwaka mmoja, kaka alinipigia simu. Mama ameanza tena kukesha. Ameanza kutazama barabarani. Nikaomba nizungumze naye, na kwa bahati ilikuwa asubuhi, saa ambayo huwa afadhali.

"Mama, uje Nairobi."

"Siji."

"Kuna nyumba."

"Ya nani?"

"Si yangu na si ya mkwe. Ni ya hospitali. Nimeichora mimi."

Nilisikia kuku nyuma yake. "Mkwe akija kuniona atapita wapi?" aliuliza. Nikamchorea kwa mdomo: lango, njia, ua wa maua, baraza, ukuta wa kiunoni, kiti. Aliuliza ukuta ni wa urefu gani akiwa ameketi. Aliuliza bafu liko wapi. Katika miaka yangu yote ya kazi, sijapata mteja aliyeuliza maswali ya maana kama yale, na alikuwa mwanamke aliyekuwa hajalala siku sita.

Alikuja. Alikaa kwanza kwenye wodi kubwa majuma matatu, na sitasema ilikuwa rahisi. Kulikuwa na siku alizonitazama kama mtu wa kukusanya kodi. Lakini alitoka kuota jua. Alikula na wenzake. Wageni walikuwa na mlango wao na bafu lilikuwa mahali pa bafu, na hakuna aliyemkuta bila kutaka kukutwa. Dawa ikamkubali. Siku moja nilifika nikamkuta anamfundisha muuguzi kijana jinsi ya kuchambua mboga ya saga bila kupoteza nusu yake.

Ndipo wakampa ile nyumba ndogo, na mimi nikachukua likizo niwe ndugu wa kukaa naye.

Siku ya kwanza aliikagua kama mtu anayetaka kuinunua. Alifungua na kufunga kila mlango. Aliinama kwenye sinki, akainuka akishika kiuno.

"Nani alichora hii?"

"Mimi."

"Ulikuwa unafikiria watu wa urefu gani, Mayi?"

Nikacheka mpaka nikaketi chini. Ilikuwa miaka mingi sijasemwa na mama yangu ana kwa ana, na nilikuwa nimesahau ladha yake. Alisema chai yangu ni ya maji. Alisema nakata vitunguu kama mtu anayedaiwa. Aliuliza kwa nini nimekonda, kisha kwa nini nimenenepa mikono. Nilikuwa nalipwa mshahara kwa kuchora nyumba, nina mvi mbele ya kichwa, na nilikuwa na furaha ya mtoto aliyebaki nyumbani siku ya shule.

Jumamosi mume wangu alikuja na sukari. Mama alimwona tangu langoni. Alivuta leso kichwani, akageuza kiti kidogo, akabaki barazani. Mume wangu alisimama kwenye ua wa maua, hatua kumi hivi, akazungumza na mti.

"Mama hajambo?"

"Mwambie hatujambo," Mama aliniambia. "Mwambie asante ya sukari."

"Anasema asante ya sukari," nilimwambia.

"Mwambie ni kidogo tu."

"Mwambie si kidogo. Mwambie amelea binti yangu vizuri ila amemzoesha uvivu wa kukata vitunguu."

Niliyapeleka na kuyarudisha maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameyasikia mwenyewe, na mume wangu alikuwa anatabasamu kwa ule mti. Alipoondoka, mabega yake yalikuwa yameshuka. Naamini hapo ndipo alipoutua ule mzigo wa korido.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa kwamba kila asubuhi ndugu aulizwe mgonjwa amelalaje. Zikifuatana tatu nzuri, anaruhusiwa kwenda kwao. Muuguzi wa zamu alikuja na faili, akasimama chini ya ngazi ya baraza. Asubuhi ya kwanza nikasema amelala vizuri. Asubuhi ya pili nikasema hivyo hivyo, na ilikuwa kweli. Najua kwa sababu mimi sikulala. Nilijilaza chali nikimsikiliza akivuta pumzi kwenye kitanda cha pili, akikohoa, akiguna akigeuka, na nilikuwa nafuatia kila sauti kana kwamba kuna mtu atanihoji. Nilikuwa nimengoja tangu harusi yangu kusikia vitu hivyo na sikutaka kupoteza hata kimoja.

Asubuhi ya tatu ilikuwa ya baridi, ile baridi ya Kitisuru yenye ukungu kwenye miti. Kaka alikuwa ameshapiga simu kwamba yuko tayari kumfuata. Nilikuwa barazani na kikombe. Mama alikuwa jikoni anaosha wimbi.

"Mama amelala aje leo?" muuguzi aliuliza.

"Ah," nikasema. "Leo alilala kidogo tu."

Maneno yalitoka yenyewe. Muuguzi aliinua macho. "Kidogo aje? Aliamka akatembea?"

"Aliamka mara mbili tatu."

"Pole. Basi tusiharakishe. Nitaongea na daktari, nafikiri ataongeza ile dawa ya jioni."

Nilisikia vizuri alichosema. Nilijua ile ya jioni ni nini na inamfanya nini. Niliuona mkono wake ukianza kuandika, nikanywa chai yangu, nikanyamaza. Naandika haya kwa sababu nimewahi kusifiwa kwa ile nyumba, na anayenisifu anapaswa kujua pia kwamba nilinyamaza.

Maji ya jikoni yakafungwa.

"Mayi," Mama aliita kutoka ndani, bila kupaza sauti. "Mwambie vile nililala."

Nilikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi nimelala. Wewe ndiye haulali. Nakusikia."

Muuguzi alinitazama, kalamu ikiwa hewani. Hakukuwa na hukumu machoni pake, na hilo lilizidi kuniumiza. Nikamwambia ukweli. Nikasema amelala vizuri, mara zote tatu, hakuamka hata mara moja. Alifuta mstari, akaandika mwingine, akasema ataandaa karatasi za kumruhusu, akaondoka kwa njia ile niliyoichora.

Mama alitoka akifuta mikono kwa leso. Aliketi kando yangu, nyuma ya ule ukuta, na tukatazama lango ambalo hakuna aliyekuwa akiingia.

"Ulitaka wanizidishie dawa ili tulale pamoja?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei.

"Ndiyo."

Alinishika kiganja, akakigeuza, akakitazama kwa muda.

"Mimi nilijua tangu jana utafanya hivyo," alisema. "Na mimi nilikuwa nimeamua ninyamaze. Halafu nikakumbuka ile dawa ikizidi inavyonifanya. Inaninyang'anya wewe, Mayi. Ningekuwa nalala hapa na mtu nisiyemjua."

Kaka alifika saa sita mchana. Mama alimwonyesha nyumba, akamwonyesha na sinki, kisha wakaondoka. Sasa yuko Bungoma, anameza dawa zake kila jioni, anafuga kuku, ananipigia Jumapili baada ya kanisa na kuniuliza kama bado nakata vitunguu vile. Ni mzima, ndivyo nilivyoomba, na sijalala nyumba moja naye tena.